Mhariri, herufi chache zimemla mpwa wangu laki nane na nusu

Ndugu Mhariri,

Salaam. Mi msomaji wenu wa siku nyingi, gazeti nalinunua kwa yule kijana wa pale kituoni Magomeni kabla sijafungua kibanda, na kwa kawaida nikikuta kosa nacheka kidogo nageuza kurasa za michezo maisha yanaendelea. Safari hii nimeshindwa kugeuza ukurasa mana kosa limeingia mpaka nyumbani kwangu, limekaa kwenye kochi, limekunywa na chai.

Naongelea ile makala yenu ya jiwe adimu, ile yenye picha ya kiganja kimeshika jiwe la kahawia. Mliandika kwamba kuna garneti (jamii ya mawe ya vito) ya ajabu inaitwa yafsoanaiti. Mkaandika kwamba hiyo ni teluraidi. Mkaandika kwamba teluraidi ni madini yanayobeba dhahabu. Mkamalizia kwamba ni adimu kuliko tanzanaiti na kwa hiyo thamani yake haielezeki. Sasa hapo kuna madai manne, la kwanza kweli, la pili uongo, la tatu kweli kwa sehemu kubwa, la nne ndo usiseme. Mtasema mawili kati ya manne si mbaya, lakini daladala yenye matairi mawili kati ya manne haifiki Ubungo.

Siku nne baada ya makala, Jumanne jioni, mpwa wangu kanijia. Mtoto wa dada, kijana mzuri tu, anauza vifaa vya simu, mawe hayajui ila anaona mjomba wake miaka yote anakata mawe basi anadhani imo kwenye damu. Kaingia kafunga mlango wa kibanda, kitu ambacho hajawahi kufanya. "Shikamoo mjomba. Nimepata dili." Kaweka mezani karatasi iliyokunjwa ile mikunjo ya mabroka, ndani kuna jiwe la rangi ya chai ya rangi, ukubwa wa kokwa ya zambarau hivi, halafu pembeni yake kaweka kipande cha gazeti lenu, kimekatwa kwa mkasi vizuri kabisa. Dalali ndo alimpa. Yaani jamaa anatembea na makala yenu mfukoni kama cheti. Mpwa wangu kalipa laki nane na nusu na ananiambia kwa furaha mjomba hili lina dhahabu ndani, ukiliyeyusha unapata dhahabu, usipoliyeyusha unauza kama jiwe, pande zote unakula.

Sikumjibu. Nilichukua mzani. Nina mzani mdogo wa vito, unasoma mpaka sehemu ya mia ya gramu, nikapima jiwe kavu likasoma gramu 6.42. Halafu nikalifunga kwa uzi wa cherehani, nikalining'iniza kwenye glasi ya maji bila kugusa chini wala pembeni, nikasubiri viputo vitoke, kimoja kiligoma nikakisukuma na sindano, likasoma 4.64. Tofauti 1.78. Hiyo tofauti ndo uzito wa maji ambayo jiwe limeyasukuma, kwaiyo unachukua 6.42 unagawa kwa 1.78 unapata 3.61 hivi. Basi. Yaani jiwe hili ni zito mara tatu na nukta sita kuliko maji ya ukubwa huohuo. Yafsoanaiti hesabu yake inafika 5. Kama lingekuwa lenyewe, pale kwenye maji lingepungua gramu 1.28 tu au hata chini ya hapo, si 1.78. Nikamwekea lenzi jichoni aangalie mwenyewe, ndani limekaa kama asali uliyoichanganya na maji ya moto ukaacha kukoroga katikati, mawimbi mawimbi. Hiyo ni garneti ya kawaida ya kahawia, jamii ya grosula, ndugu wa damu wa ile grini garneti tunayoiita tsavoraiti, ila huyu ndugu hakubahatika rangi na tena kajaa kreki. Nikimkata vizuri natoa labda kijiwe kimoja cha pete. Mtoto wa watu alikaa kimya mpaka chai ikapoa.

Sasa hasira yangu kwenu si ya fedha peke yake. Hasira yangu ni kwamba herufi chache tu zingeokoa kila kitu, na hakuna aliyejisumbua. Naomba nafasi nielezee mana mlitoa nusu ukurasa kukosea, nipeni na mimi nusu ya kusahihisha.

Kuna kitu kinaitwa teluri. Ni elementi, namba yake 52, kwenye jedwali la elementi iko nguzo moja na oksijeni, salfa na seleni, yaani ni familia moja. Aliyeigundua ni Müller von Reichenstein mwaka 1782, alikuwa anahangaika na mawe ya dhahabu ya Transylvania yaliyokataa kufuata hesabu, na mwaka 1798 Martin Heinrich Klaproth wa Berlin ndo akaipa jina kutoka neno la Kilatini la ardhi. Jina la ardhi limepewa kitu ambacho ardhini karibu hakipo! Kwenye mawe ya juu ya dunia teluri ni kama gramu moja kwenye tani elfu moja za mwamba. Dhahabu yenyewe ni nyingi kuliko hiyo.

Hii teluri ina tabia tatu, na kila tabia ina jina lake, na majina yanafanana kama mapacha. Ikishikana na metali moja kwa moja bila oksijeni, inaitwa teluraidi. Ikipata oksijeni kiasi, inaitwa teluraiti. Ikipata oksijeni mpaka mwisho wa uwezo wake, inaitwa telureti. Aidi, aiti, eti. Mwandishi wenu alichukua ya kwanza akaibandika kwenye ya tatu, na hapo ndo dhahabu ilipoingia mana teluraidi kweli inaipenda dhahabu. Kuna madini yanaitwa kalaveraiti, ni dhahabu na teluri tu, dhahabu inapita asilimia 40 ya uzito wake. Hadithi ya Kalgoorlie kule Australia inajulikana kwa kila mtu wa mawe: dhahabu ilipatikana pale mwaka 1893, wakawa wanaitafuta ile ya kung'aa, na yale mawe mengine ya njano iliyopauka wakayaona takataka wakayatupia kwenye mashimo ya barabara na kujengea, mpaka mwaka 1896 walipogundua ni teluraidi yenye dhahabu, watu wakaanza kuchimbua barabara zao wenyewe. Nadhani mwandishi wenu alisoma hiyo hadithi mahali akaipenda, na mi namuelewa, hata mimi naipenda. Ila ni hadithi ya teluraidi. Telureti ni kitu kingine, iko upande wa pili kabisa wa mto, na yafsoanaiti ni kalsiamu, zinki, teluri na oksijeni. Dhahabu humo haimo hata ya kuzibia jino.

Mpwa wangu akaniuliza swali moja zuri sana siku ile, na naliweka hapa mana naamini na wasomaji wenu wengi watauliza: "Lakini mjomba, si inaishia na aiti? Yafsoana-aiti. Kwaiyo ni teluraiti?" Hapana, na hapa ndo lugha ya mawe inapomtega mtu. Aiti ya kwenye jina la jiwe ni mkia tu wa kusema "hili ni jiwe", ndo ile ya tanzanaiti, grafaiti, na mengine elfu. Aiti ya kwenye teluraiti ni ya wakemia, inakuambia oksijeni ni kidogo. Ni mikia miwili inayofanana ya wanyama wawili tofauti. Na kuwachanganya kabisa, kuna na jiwe lenyewe linaitwa teluraiti, hilo jina lake halisi, oksaidi ya teluri. Ukilisema mbele ya mkemia na mbele ya mtu wa madini kila mmoja anawaza kitu chake. Kwaiyo siwalaumu kwa kuchanganyikiwa, nawalaumu kwa kutouliza.

Haya, tofauti ya teluraiti na telureti mtu anaweza kusema ni ya maabara, sisi inatuhusu nini. Inahusu umbo, na umbo ndo linalopanga jiwe likae kwenye familia gani. Chukua salfa kwanza, ile ya jasi, jasi tunayoijua wote kwenye dari na kwenye plasta, ile ni salfeti. Salfeti ni jiko la mafiga: mafiga matatu chini, sufuria juu, moto katikati. Huo moto ndo salfa, na hizo nne zinazouzunguka ndo oksijeni. Salfa ni ndogo, wanne wanamtosha. Teluri ni jitu kubwa, wanne hawamtoshi. Kwenye telureti teluri karibu siku zote inazungukwa na oksijeni sita, na kama hujawahi kuona umbo hilo basi panda daladala ya Gongo la Mboto saa kumi na mbili jioni usimame katikati: mmoja mbele yako, mmoja nyuma, mmoja kushoto, mmoja kulia, wa tano kapitisha mkono juu ya kichwa chako kashika bomba, wa sita kakukanyaga. Hapo wewe ndo teluri. Kwenye teluraiti ni tofauti, pale teluri ni kondakta: abiria wamembana upande wa ndani, upande wa nje mlangoni hakuna mtu, lakini usidhani pako wazi, kiwiko chake kiko pale kinachukua nafasi. Wakemia wanasema ni jozi ya elektroni zilizobaki bila kushikana na mtu. Mi naona ni kiwiko.

Sasa vitabu. Kwa kuwa teluri na salfa ni ndugu kwenye ile jedwali, watu wa zamani waliona telureti tuipeleke kwa salfeti, undugu wa ukoo. Lakini kwa umbo hazifanani, mmoja ana wanne mwingine ana sita, na ukitazama zinavyojengeka telureti nyingi zinafanana zaidi na oksaidi. Matokeo yake mpangilio wa madini wa Strunz, ambao unatumika sana, umezigawa: telureti moja inaitwa shokomekatlaiti iko upande wa salfeti, nyingine inaitwa khinaiti iko upande wa oksaidi, na teluraiti nyingi nazo ziko huko kwenye oksaidi chumba kingine. Mpangilio wa Dana, huo wa Wamarekani, ukaamua kuzipa darasa lao, la 33, telureti pamoja na seleneti, wenzao wa seleni. Hakuna aliyekosea hapo, ni kama kupanga mawe kibandani kwangu, nikipanga kwa rangi mteja anafurahi, nikipanga kwa aina mi ndo nafurahi.

Na yafsoanaiti ndo inayochekesha kuliko zote, mana yenyewe ni telureti halafu ni garneti kwa wakati mmoja, na hapo mwandishi wenu alikuwa sahihi bila kujua kwa nini. Sisi tunaokata garneti tumezoea kwamba garneti lazima iwe na silika, yaani silikoni na oksijeni. Almandini ina silika, grosula ina silika, zile rodolaiti za Umba zina silika. Yafsoanaiti haina hata punje. Inakuwaje garneti? Ichukulie garneti kama nyumba ya kupanga, zile za Magomeni za korido katikati, yenye vyumba vya namna tatu: kikubwa cha oksijeni nane, cha kati cha oksijeni sita, na kidogo cha oksijeni nne. Kwenye jiwe la mpwa wangu chumba kikubwa kakaa kalsiamu, cha kati alumini, kidogo silikoni. Kwenye yafsoanaiti kikubwa kakaa kalsiamu vilevile, cha kati kakaa teluri, mana yeye ni wa sita tumeshasema, na kile kidogo kakaa zinki. Ramani ya nyumba ileile, ukuta uleule, wapangaji wapya. Ndo maana mwaka 2013 kamati ya kimataifa ilipoipanga upya jamii yote ya garneti ilihesabu aina 32, aina 29 zikaingia kwenye makundi matano, na tatu zikabaki zinajitegemea kila moja peke yake, yafsoanaiti ikiwa mojawapo. Imo kwenye ukoo, ila kwenye kikao cha familia inakaa kiti cha mlangoni.

Na hata hao walioigundua hawakujua ni garneti. Ilitoka Yakutia, Siberia, eneo la Aldan, ikatangazwa mwanzoni mwa miaka ya 1980, na fomula ya kwanza iliyoandikwa haikuonyesha ugarneti wake mpaka watu walipokaa na eksrei kuangalia nani kakaa chumba gani. Jina lenyewe mtalipenda: limetokana na herufi za mwanzo za tawi la Yakutia la Akademia ya Sayansi, Idara ya Siberia, kwa Kirusi zinasomeka yafsoan. Hamna mtu anaitwa hivo wala mlima. Ni sawa na sisi tupate jiwe tuliite Bakitaiti, kwa herufi za BAKITA, Baraza la Kiswahili la Taifa. Na rangi yake ni kahawia, hapo mlipatia, lakini fuwele zake ni ndogo mno, vitu vya kuangalia na lenzi, si jiwe la gramu sita na nusu la kuwekwa kwenye kiganja na kupigwa picha. Ile picha yenu, samahanini, kwa macho yangu ya miaka thelathini kwenye mawe ni garneti kama ya mpwa wangu, mmeichukua tu mahali.

Sasa nije kwenye neno adimu, mana hilo ndo linalouza mawe Dar es Salaam nzima. Adimu kwa nani? Telureti ni adimu kweli, aina zake zinazojulikana ni za dazeni kadhaa, na sababu ni kwamba mambo mengi lazima yakutane: kwanza ile teluri ambayo haipo, halafu iwe imejikusanya kwenye mshipa wa dhahabu au wa risasi na shaba, halafu hewa na maji viingie viikaze oksijeni mpaka mwisho, halafu mvua isiwe nyingi ya kuja kuisafisha yote. Ndo maana sehemu zake maarufu ni makavu makavu: Tombstone kule Arizona, Moctezuma huko Sonora nchini Mexico, na kile kilima cha Otto karibu na Baker, California, ambapo mwaka 2010 Anthony Kampf na wenzake walitangaza aina saba mpya kwa mkupuo, zote za risasi. Kilima kimoja, aina saba! Na huu ndo utani wa teluri, kwamba ni haba kuliko dhahabu lakini madini yenye teluri ndani yanapita aina 150, yaani ikishapatikana kidogo haitulii na mtu mmoja.

Lakini hayo yote ni chembe. Mtu wa Baker anakaa na darubini anaona kipunje cha njano pembeni ya kipunje cha kijani, vyote vimekaa kwenye ufa wa jiwe la kwatzi, vidogo kuliko punje ya sukari. Hiyo shokomekatlaiti niliyoitaja, iliyotangazwa mwaka 1975, jina lake ni neno la Kinahuatli la vichala vya zabibu, kwa sababu ni vijiduara vya kijani vimebebana, ukisikia zabibu unaweza kudhani ni kitu cha kula kumbe ni zabibu za sisimizi. Makumbusho yanaitaka, wakusanyaji wa sampuli wanaitaka na wanalipa, lakini sonara wa Kariakoo hana la kufanya nayo. Yafsoanaiti ugumu wake uko kama 5 na nusu, chini ya garneti za pete. Na kiwanda nacho hakiitaki, mana teluri ya viwandani, hiyo inayoingia kwenye baadhi ya paneli za sola pamoja na kadimiamu, inatoka kwenye matope yanayobaki wakati wa kusafisha shaba kwa umeme. Hakuna mtu anayeenda kuchimba telureti apate teluri. Kwaiyo ile aya yenu ya mwisho kwamba nchi itatajirika tukiipata, futeni.

Na kama mlitaka adimu mngeuliza hapahapa nyumbani. Sisi tuna nyerereaiti, madini ya sodiamu, kalsiamu na kaboneti, kutoka Oldoinyo Lengai, yamepewa jina la Mwalimu miaka ya 1960. Yanatoka kwenye lava ambayo hakuna volkano nyingine hai duniani inayoitoa. Ni adimu kupita kiasi. Na ukiiacha nje mvua ikanyesha inaharibika, ile lava inatoka nyeusi baada ya muda mfupi imekuwa nyeupe kama majivu. Muulize dalali wa jiwe la mpwa wangu atakupa shilingi ngapi. Tuna yoderaiti ya kilima cha Mautia, Kongwa, iliyotangazwa mwaka 1959. Tuna merelaniaiti, hii ya juzijuzi mwaka 2016, nyuzi nyembamba za kijivu kama sharubu za paka, zilikuwa zinatoka pamoja na tanzanaiti na watu wakazipita miaka. Halafu tanzanaiti yenyewe, fahari yetu, kwenye orodha ya kimataifa ya madini haimo kama aina, ni zoisaiti ya bluu, lakini angalia bei yake. Adimu na bei ni watu wawili, siku moja moja wanakutana stendi.

Kwaiyo ninachoomba, Ndugu Mhariri. Mtoe sahihisho, na lisiwe mstari mmoja chini ya matangazo ya viwanja, liwe na ukubwa unaoonekana, liseme wazi: yafsoanaiti ni telureti, si teluraidi, haina dhahabu, na fuwele zake ni ndogo. Kwa sababu kile kipande chenu bado kinatembea mifukoni, mi najua, wiki hiihii mama mmoja wa Temeke kaniletea lake naye, hilo lake halikuwa hata garneti, lilikuwa chupa. Na pili mkubaliane na watu wa lugha namna ya kuandika haya maneno matatu mbaki hapo, mi nimeandika teluraidi, teluraiti, telureti kwa sababu ndivyo mdomo wangu unavyotamka na nimehakikisha hazigongani, kama BAKITA wana namna nzuri zaidi nitafuata, mradi tu herufi zibaki tofauti. Kwenye Kiswahili tuna bahati tunasoma kinachoandikwa, sasa mwandishi akiandika kingine msomaji hana pa kujitetea.

Jambo dogo lingine mana nimeshaanza, na hili ni la usalama. Dalali alimwambia mpwa wangu kwamba jiwe la kweli la teluri linanuka kitunguu saumu, na kwamba alirambe kuhakikisha. Tafadhalini. Harufu ya kitunguu saumu ni ya mtu aliyeingiza teluri mwilini, mwili unaibadilisha na inatoka na pumzi, inaweza kukaa siku na wiki, mke atahama chumba. Jiwe halirambwi. Kuna telureti zina risasi, zina shaba, kuna moja ya huko Baker inaitwa markkuperaiti ina urani kabisa. Mtu anayekwambia ulirambe jiwe ili uamini, mrudishie jiwe lake.

Kuhusu laki nane na nusu, dalali simu yake haipatikani tangu Jumatano, hilo halishangazi. Mpwa wangu sikumgombeza, mi mwenyewe mwaka nilioanza hii kazi nilinunua "rubi" ambayo nilipoisugua na kitambaa chenye spiriti ikaacha rangi kwenye kitambaa. Hilo jiwe lake nimelikata tayari, nimeepa ile kreki kubwa ya katikati, limebaki karati nne na kidogo, rangi si mbaya ukiliweka kwenye jua la asubuhi. Anasema atamchongea mama yake pete. Mwandishi wenu akitaka kuja kuliona na kulipima mwenyewe kwenye maji kabla sijalipeleka kwa sonara, nipo kibandani kuanzia saa tatu, isipokuwa Ijumaa nafungua baada ya swala, na uzi wa cherehani ninao.

Wenu,
Fundi wa kukata mawe,
Magomeni, Dar es Salaam